Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ushirikiano wa Famasi na Macho ya Dodoma

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Morogoro hupita Buigiri, penye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Katika nyanda hizi kavu, miongoni mwa maradhi yaliyopofusha watu wetu ni trakoma, ugonjwa wa vikope. Maambukizi hujirudia tangu utotoni, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi nuru inapozimika.

Kongwa, mashariki ya hapo, inafahamika katika majarida ya tiba kwa sababu ya ugonjwa huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wameuchunguza huko pamoja na Watanzania tangu miaka ya 1980. Kazi yao ilisaidia kuonyesha jinsi ya kutumia azithromaisini, dawa iliyogunduliwa na kampuni ya Pliva mjini Zagreb, ambayo Pfizer huitoa bure kwa ajili ya trakoma. Dozi moja ya kumeza imechukua nafasi ya marhamu ya kupaka machoni kwa wiki sita. Anayebeza ushirikiano wa namna hii hajamwona mgonjwa wa vikope.

Hata hivyo, shukrani isitufunge midomo. Je, ni wafamasia wangapi wa hapa ambao ushirikiano huo umewafundisha kuitengeneza dawa hiyo, kupima ubora wake na kufuatilia usugu wa bakteria? Msaada wa dawa hukoma siku mfadhili anapoamua. Ujuzi hubaki.

Mtafiti wa nje hupaswa kupata kibali cha COSTECH, na sampuli hazisafirishwi bila mkataba unaopitia NIMR. Ni lango jema, lakini lango hulinda kilichomo ndani, halijengi maabara. Dodoma kuna Chuo Kikuu cha St. John's kinachofundisha famasi. Kila mkataba wa utafiti wa dawa mkoani utaje mambo matatu: Mtanzania atakayesomea shahada yake humo, fedha za fundi na vipuri vya mashine zitakazoachwa, na nafasi za wanafunzi wetu kwenda ng'ambo sawa na za wageni wanaokuja kwetu.

Ndugu watumishi wa umma, rasimu za mikataba hiyo hupita mezani kwenu. Nanyi wanafunzi, ulizeni yaliyomo kabla haijasainiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji abaki mgonjwa akimngoja mgeni arudi na dawa.