Siasa za Kijiji si za Wasio na Kazi

Kuna kauli nimeisikia vijiweni, ofisini na hata misibani, na wanaoitoa ni watu wenye akili zao: mikutano ya kijiji ni ya wasio na kazi. Anayejitokeza kuhudumu bure kwenye kamati ya shule au ya maji huulizwa anatafuta nini. Mtu mwenye heshima zake, eti, hukaa pembeni akaangalia mambo yake.

Kauli hii ni uongo, na tunailipia kwa ardhi yetu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, usimamizi wa ardhi kama mdhamini wa wanakijiji. Lakini halmashauri hiyo haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Na mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mwalimu, nesi, fundi, mama lishe, wote wamo, wenye kadi ya chama na wasio nayo. Sasa fikiria wamekuja wachache. Inafika ajenda ya maombi ya mwekezaji, na hakuna anayeuliza ramani iko wapi, mpaka unaishia bonde gani, wala makubaliano ni ya miaka mingapi. Mikono inanyooshwa, muhtasari unaandikwa, orodha ya mahudhurio inaambatishwa. Trekta likishaingia shambani, yule aliyekaa pembeni anakimbilia kwa mkuu wa wilaya, na huko anaonyeshwa karatasi inayosema kijiji kiliridhia.

Wapo watakaonijibu kwamba milango ilishafungwa, na hoja yao ni nzito. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikubwa vikajitoa, na chama tawala, CCM, kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Matokeo ya uchaguzi uliofuata, wa Novemba 2024, hayakuwa mbali na hapo. Hilo ni baya na halistahili kunyamaziwa. Ila uenyekiti ni jambo moja na mkutano mkuu ni jingine. Kwenye mkutano mkuu hakuna fomu ya kujaza wala msimamizi wa kukuengua. Humo tunajiengua wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni ile dharau kwa anayejitolea. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa halipwi mshahara. Mwenye mshahara ni mtendaji, ambaye ameajiriwa. Maana yake ngazi hii, iliyo karibu kuliko zote na maisha yetu, inategemea watu wanaotoa muda wao. Tukimshuku kila mmoja wao, waaminifu watachoka na kurudi majumbani, na nafasi zitashikwa na waliokwisha kupata njia nyingine ya kujilipa: fedha ya kugongewa muhuri kwenye barua ya utambulisho, fungu kutoka kwenye kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili. Kisha tutawanyooshea kidole na kusema ndiyo siasa hiyo. Dharau yetu ndiyo iliyowaachia njia.

Wala sitaki kila mtu agombee. Mhasibu mstaafu anaweza kupitia stakabadhi za michango ya madarasa kwa alasiri moja na kuuliza maswali ambayo wengine hawajui kuyauliza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuandika muhtasari kwa usahihi, na kabla watu hawajatawanyika akausoma kwa sauti ili kila aliyekuwepo ajue kimeandikwa nini kwa jina lake. Hiyo ni siasa, na ni kazi ya heshima.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Muulize mtendaji wako tarehe ya ujao. Kama robo mwaka imepita kimya, tafuta majirani mwende pamoja ofisini kwake mkadai uitishwe, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo hapo.