Kura ni maoni, uamuzi una wenyewe

Waungwana, tuanze na jina lenyewe maana jina limebeba kila kitu. Kura za maoni. Hebu litamke taratibu. Mwanachama anaamka alfajiri, anavaa shati lake la kijani, anapanga foleni, anapiga kura, zinahesabiwa, halafu anaambiwa kuwa alichofanya siku nzima ni kutoa maoni. Kama yule jamaa wa kijiweni anayepanga kikosi cha Taifa Stars huku anakunywa kahawa. Kocha akisikia, sawa. Asiposikia, kahawa imeshanyweka.

Tangu Agosti 2025 kila ninakokwenda kusaka habari nakutana na wana-CCM walionuna. Si wapinzani, wapinzani walishanuna zamani. Nazungumzia watu wenye kadi, wanaolipia ada, waliobeba bendera tangu wakiwa chipukizi. Ukiwauliza kulikoni, lawama zote zinakwenda kwa mtu mmoja: mjumbe. Mjumbe kala hela. Mjumbe kala kwa watatu, akampigia wa nne. Tangu mwaka 2020 msemo umekuwa huo huo, "wajumbe si watu wazuri", umegeuka utani wa harusini na kwenye daladala, mpaka watoto wa shule wanausema.

Mimi nasema tunamwonea mjumbe. Sisemi ni malaika. Nasema tunamkamata kuku tukimwacha kicheche.

Chukua Jimbo la Kawe, Julai 2020. Mwaka ule chama kilijisifu sana, na kwa haki kabisa, kwamba kura zinahesabiwa hadharani mbele ya wajumbe. Karatasi inainuliwa, jina linasomwa, wote mnaona. Pale Kawe aliyeongoza, Furaha Dominic, alipata kura 101. Aliyefuata, Angela Kiziga, alipata 85. Wa tatu alikuwa Askofu Josephat Gwajima, kura 79. Majina yakapanda ngazi, yakapita kwenye vikao, yakashuka, na aliyeshuka na bendera ya chama alikuwa wa tatu. Baadaye akawa mbunge.

Sasa mimi sina ugomvi na Askofu. Inawezekana kabisa vikao viliona jambo ambalo wajumbe hawakuliona. Lakini ni jambo gani? Nani alilisema, kwa maneno gani, na yule wa kwanza alipewa nafasi ya kujibu? Walituonyesha hesabu, wakatuficha uamuzi. Afadhali wangezihesabia kura gizani, tukajua moja kwamba kila kitu ni cha gizani! Ukimwonyesha mtu karatasi 101 halafu ukampa ushindi mwenye 79 bila neno, umemfundisha kwamba macho yake hayana kazi. Na mtu asiyeamini macho yake ataamini chochote atakachosikia kijiweni.

Najua jibu la wakubwa. Wanasema mchujo wa vikao ni dawa ya rushwa, kwamba anayeongoza kwa kura mara nyingi ndiye aliyemwaga mshiko mwingi, kwa hiyo lazima wazee wa chama wakae wamkate. Linavutia. Lakini tulifuate mpaka mwisho wake. Nchi hii ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na sheria hiyo inagusa hadi mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Ina TAKUKURU, ina mahakama. Kama aliyeongoza alihonga, amefanya kosa la jinai, apelekwe. Kama hakuhonga, apewe haki yake. Hii njia ya tatu, ambayo mtu anakatwa jina kimya kimya kwa "rushwa" kisha anarudi nyumbani kwake salama salimini, na miaka mitano baadaye anachukua tena fomu, ni njia ya nani? Ama tunamdhulumu asiye na hatia, ama tunamficha mhalifu.

Tena tusijifanye tumesahau. Ni nchi hii hii iliyowahi kuiandikia rushwa ya uchaguzi kibali cha kisheria, ikaiita takrima, ukarimu wa Kiafrika eti. Ilichukua kesi ya wanaharakati wa haki za binadamu mpaka Mahakama Kuu, Aprili 2006, kuvifuta vifungu vile. Kwa hiyo mama wa kijijini anayepokea kanga na kilo ya sukari leo hakuvumbua chochote. Alifundishwa, na waliomfundisha walikuwa bungeni.

Nilizungumza na mama mmoja mjumbe, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, biashara yake ni kukaanga samaki. Nilimuuliza bila kumung'unya maneno: mama, huwa mnapewa? Akacheka. "Mwanangu, mimi nikimchagua mtu kwa moyo wangu, huko juu wanaweza kumtoa. Nikimchagua kwa elfu kumi, wanaweza pia kumtoa. Sasa nikatae elfu kumi kwa faida ya nani?" Nilitafuta jibu la kumpa, nikaishia kuagiza samaki.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wanasema mchujo unatibu rushwa, mimi naona mchujo ndio unaoilisha. Kura isiyoamua kitu haina thamani kwa mpigaji ila ile bei atakayopewa papo kwa papo. Mpe mjumbe uhakika kwamba kura yake ndiyo itakayompa mbunge wa kuishi naye miaka mitano, barabara ikiwa mbovu ni yeye aliyeitaka, halafu uone kama elfu kumi itatosha. Wapo watakaouza bado, sikatai. Lakini bei itapanda na aibu pia itapanda.

Wenye kumbukumbu watasema njia nyingine zilishajaribiwa. Kweli. Mwaka 2010 CCM iliacha kwa mara ya kwanza utaratibu wa wajumbe wachache wa mkutano, ikasema kila mwenye kadi apige kura kwenye tawi lake. Hoja ilikuwa nzuri: huwezi kuwahonga wote. Matokeo yake ndiyo yaliyotupa lile neno ambalo mpaka leo halijatuacha, kuchakachua. Kabla ya hapo kuchakachua lilikuwa jambo la vituo vya mafuta, mtu anachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, gari lako linakufia Chalinze. Mwaka ule neno likahama kituoni likaingia kwenye sanduku la kura, na watu hawakuhitaji kamusi. Mwaka 2015 wanachama wote wakapiga tena, na majimbo kadhaa, Busega na Kilolo yakiwamo, yakalazimika kurudia. Mwaka 2020 tukarudi kwa wajumbe. Mwaka 2025 wigo wa wajumbe ukapanuliwa hadi ngazi za chini, lakini mchujo ukatangulia: January Makamba, Mrisho Gambo, Luhaga Mpina, wote wabunge waliokuwa wanamaliza muda wao, hawakufika hata mbele ya wajumbe. Walikatwa Julai, kura zilipigwa Agosti 4.

Umeona mchezo? Kila baada ya miaka mitano tunabadilisha nani apige kura, lakini hatujawahi hata siku moja kugusa nani anaamua. Mlango wa mbele umepakwa rangi mara nne. Wa nyuma uko vile vile.

Na huo wa nyuma una historia. Mwaka 1995 kule Karatu, padri mmoja aliyeacha utumishi wa kanisa, Dk. Willibrod Slaa, aliongoza kura za maoni za CCM, jina lake likakatwa. Akahamia CHADEMA, akashinda ubunge, na miaka 15 baadaye akasimama kugombea urais dhidi ya chama kilichomkata. Mwaka 2010 kule Nzega, Hussein Bashe aliongoza, akaondolewa kwa madai ya uraia, na tiketi ikaenda kwa Dk. Hamisi Kigwangalla aliyekuwa wa tatu. Kumbe uraia huo ulikuwa na dawa yake! Mwaka 2015 chama hicho hicho kilimpitisha Bashe Nzega Mjini, na Januari 2022 akawa Waziri wa Kilimo. Watu wa Nzega waliopiga kura zao mwaka 2010 hawajawahi kuelezwa lolote la maana kuhusu kilichobadilika katikati. Ukiuliza unaambiwa chama kina taratibu zake.

Nisiwaache walioshindwa wapite bure. Nimeshawasikia wengi, na wengi wao wananichosha. Mtu amekaa bungeni miaka kumi, hajawahi kufungua mdomo kuhusu mchujo kwa sababu mchujo ulikuwa unamfaa, siku ukimkata yeye anagundua demokrasia. Wengine hawakuchakachuliwa wala nini, wananchi walishawachoka tu. Mtu anatoka mjini mwezi wa sita, anagawa jezi, anapata kura nne, anaita waandishi wa habari kusema ameporwa ushindi. Umeporwa nini, bwana mkubwa? Shida ni kwamba wewe na mimi hatuna namna ya kumtofautisha huyo na yule aliyeporwa kweli. Sababu za vikao hazitoki, na wote wawili wanaongea lugha moja. Usiri unampa mwongo nguo ile ile anayovaa mkweli.

Halafu msidhani nawasema CCM peke yao. Mwulize mtu yeyote wa upinzani akueleze majina ya viti maalumu yanapangwaje. Novemba 2020 wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu wa CHADEMA, na CHADEMA yenyewe ikasema haikuwapeleka. Mpaka leo ukikaa na watu wawili utapata simulizi tatu za karatasi ile. Lakini chama hicho hicho, Januari 2025, kilifanya kitu ambacho nilikikodolea macho usiku kucha. Uchaguzi wa mwenyekiti pale Mlimani City, kura zinahesabiwa kamera zikiwa wazi, Tundu Lissu 513, Freeman Mbowe 482, Charles Odero 1. Tofauti ya kura 31! Kwa mizani ya siasa zetu hapo chama kinapasuka katikati. Mbowe aliyekiongoza zaidi ya miaka 20 akakubali matokeo alfajiri ile ile. Makundi yalibaki, manung'uniko yalibaki, na wengine wakaondoka baadaye. Ila sikumsikia mtu wa maana akisema 513 haikuwa 513, na hakukuwa na kikao cha juu cha kuigeuza.

Kwa nini mambo ya ndani ya chama yanihusu mimi nisiye na kadi ya chama chochote? Swali zuri, niliulizwa juzi na rafiki. Yananihusu kwa sababu Katiba yetu inasema huwezi kugombea ubunge wala urais bila kudhaminiwa na chama. Kama kungekuwa na mlango mwingine ningesema chama ni klabu, kifanye kitakavyo, wanachama wakichoka watahama. Lakini mlango ni mmoja, na ufunguo wameshika wachache. Katika majimbo mengi aliyepewa bendera ya kijani ndiye mbunge, Oktoba ni sherehe tu. Mwaka 2020 wapo waliopita bila kupingwa kabisa. Kwa jimbo kama hilo uchaguzi halisi ulikuwa kile kikao, na mimi mpiga kura sikualikwa.

Mchungaji Christopher Mtikila alilijua hili mapema kuliko wengi wetu, tukamcheka. Mahakama Kuu ilimpa haki ya mgombea binafsi mwaka 1994, serikali ikabadilisha Katiba. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaigeuza Juni 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi, ikisema jambo hilo ni la Bunge. Bunge! Yaani waliopitia mlango ule mmoja waamue kama ufunguliwe wa pili. Hakukoma, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, kwetu hapa hapa, na Juni 2013 ikasema Tanzania inavunja haki. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mwingine usio na mgombea binafsi. Tumefanya mbili zaidi tangu hapo.

Ule wa Oktoba 29, 2025 sina haja ya kuusimulia, majeraha bado mabichi. CHADEMA nje ya karatasi, Mpina aliyehamia ACT-Wazalendo kaondolewa na Tume kwenye mbio za urais, intaneti imezimwa, vijana wa rika langu barabarani, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Kisha Tume ikatangaza asilimia 97.66. Sitasema kura za maoni za Agosti ndizo zilizoleta ya Oktoba, huo utakuwa uvivu wa kufikiri. Nasema watu hawakuanza kutokuamini hesabu siku ile. Wamezoezwa kidogo kidogo, jimbo kwa jimbo, mwanachama kwa mwanachama, na chama walichokipenda wenyewe.

Ninachodai si mapinduzi. Kikao kikimkata aliyeongoza, kiandike sababu, kiisaini, kiibandike kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya pale yanapobandikwa matangazo ya vikao. Karatasi moja. Aliyekatwa kwa rushwa, jalada lake liende TAKUKURU wiki hiyo hiyo. Na hukumu ya Arusha ya mwaka 2013 itekelezwe, maana imeshakaa kabatini muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza darasa la saba.

Yule mama wa samaki bado ni mjumbe. Nilimuuliza kama 2030 atapiga tena kura za maoni. Akaniambia inategemea watakuja na nini.