Bei ya waya isinyamazishe redio yetu

Familia iliyokimbia vita ikafika Bunia haina mengi mkononi. Lakini katika mahema ya Kigonze, na kwa wale waliopokelewa na jamaa zao hapa mtaani Bigo, redio ndogo ya mawe mawili ni mali kubwa. Kwa redio mama anatafuta mtoto waliyepotezana njiani, na watu wanajua siku ya chanjo. Ndiyo sababu nasema wazi: kituo kinachochagua waya wa anteni kwa kufuata bei tu kinawaonea wasikilizaji wake.

Nilishuhudia hayo katika kituo kimoja kidogo nilikofanya kazi. Waya uliharibika, tukanunua mwembamba, RG-58, mita 30. Fishi hazikulingana, basi tukaunga adapta tatu, moja juu ya nyingine. Tulirudi hewani, lakini watu wa mbali walipiga simu: sauti haifiki. Lawama ikaenda kwa mashine ya kurushia. Fundi alipoipima mezani kwake, ilikuwa nzima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika mawimbi ya FM, mita 30 za RG-58 zinameza karibu theluthi mbili za nguvu. Ukitoa wati 100 chini, kwenye anteni zinafika karibu 33. Kwa RG-213, ulio mnene zaidi, zinafika zaidi ya 60. Zinazopotea zinageuka joto tu, na mafuta ya jenereta tumeyalipia.

Halafu kuna waya wa televisheni. Kwa macho unafanana, lakini wake ni wa omu 75, na mashine zetu ni za omu 50. Hapo sehemu ya nguvu inarudi nyuma. Hata fishi za aina ya N zina hatari hiyo: pini ya omu 50 ni nene, inapanua na kuharibu tundu la omu 75.

Sokoni, soma maandishi yaliyo juu ya waya. Kwangua kiini kwa wembe: kikibaki chekundu ni shaba, kikiwa cheupe ndani, ulize tena. Adapta inayochezacheza, iache. Kila kiungo ni mlango wa maji ya mvua.

Mafundi wetu nao wawe na mzigo bandia wa omu 50, waya mfupi mzuri na adapta chache safi, zisizokopeshwa ovyo. Bila hivyo wanapima makosa ya waya wao wenyewe.

Najua mtasema pesa hakuna. Kweli. Basi tuanze kwa kusogeza mashine karibu na mlingoti, waya uwe mfupi. Na kamati za redio ziandike waya katika bajeti kabla ya viti vya ofisi. Mtu aliyeacha nyumba yake asikose pia habari ya mtoto wake.