Magurudumu Manne Yanayovuta Hayaongezi Breki

Wakati wa masika yaliyopita nilipanda milima ya Usambara, juu ya Lushoto, pamoja na wenzangu watatu, ndani ya gari lililoinuka la aina ambayo mitaani huitwa fo-wili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo mwekundu ulikuwa umegeuka sabuni. Gari lilipanda pasipo taabu. Dereva wetu, mtu makini kwa kawaida, alisema kwa kujivuna kwamba gari la namna hiyo halijui tope. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko ule ule, alikanyaga breki mbele ya kundi la mbuzi. Gari liliendelea kuteleza kama ngalawa na kusimama hatua chache tu kutoka kwenye korongo. Mbuzi walisalimika. Dereva alizilaumu breki, nami nasema breki hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika imani, na imani hiyo twaikuza sisi tuliosoma fizikia kila tunaponyamaza.

Hebu tulichukue gari la kilo 1,600, ambalo uzito wake ni takriban nyutoni 16,000, na tuseme kuwa nusu ya uzito huo huelemea magurudumu ya mbele na nusu ya nyuma. Kwenye udongo uliolowa, msuguano kati ya tairi na ardhi huweza kufikia tuseme 0.2 tu ya uzito ulioelemea tairi hilo. Kwenye lami kavu ungefikia 0.8 hivi. Sasa mbele yetu pana mlima ambao kila mita 8 za njia hupanda mita 1. Ili kuupanda, gari lahitaji kani ya thumuni ya uzito wake, yaani nyutoni 2,000. Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele peke yake lina nyutoni 1,600 tu za kushika ardhi, kwa hiyo litazungusha matairi na kubaki palepale. Linalovuta kwa magurudumu yote manne lina 3,200. Litapanda.

Lakini tugeuke tuteremke. Breki za kila gari, liwe fo-wili au lisiwe, hufanya kazi kwenye magurudumu manne. Gari zote mbili, basi, zina nyutoni 3,200 zile zile za kujizuia, na kati ya hizo 2,000 humezwa na mteremko wenyewe. Hubaki 1,200 za kulisimamisha gari la kilo 1,600. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, ambao wengi wangeuita mwendo wa kobe, gari litahitaji mita 67 hivi kabla ya kusimama. Nililifanya hesabu hilo jioni ile ile nyuma ya stakabadhi ya petroli, nikalirudia mara mbili kwa kutoliamini. Tofauti iliyopo ni kwamba gari la kwanza lisingefika kileleni, na kwa hiyo lisingepata nafasi ya kuteremka.

Je, nguvu hufikaje kwenye magurudumu yote? Katika magari mengi ya petroli ya aina hii, injini huendesha magurudumu ya mbele, na kutoka kwenye giaboksi hutoka propela ndefu inayopita chini ya sakafu hadi kwenye difu ya nyuma. Kati ya propela na difu huwekwa klachi ya sahani nyingi. Barabara ikiwa kavu, klachi huachia. Kompyuta ikihisi kuwa magurudumu ya mbele yanazunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, huibana, na sehemu ya nguvu huenda nyuma. Ndiyo maana kufunga matairi ya vipimo tofauti mbele na nyuma ni kuiua klachi hiyo polepole: kompyuta huona tofauti ya kasi safari nzima, wala haijui kuwa imedanganywa na mwenye gari.

Magari ya mseto wa petroli na umeme, yaani haibridi, mara nyingi hufuata njia nyingine kabisa. Toyota ilipoanza kuuza Estima ya haibridi nchini Japani mwaka 2001, haikuweka propela. Magurudumu ya nyuma yalipewa mota yao ya umeme. RAV4 ya haibridi iliyotoka mwaka 2019 hufuata mpango huo: injini yake ni ya kilowati 131, na mota ya nyuma ni ya kilowati 40. Mota hiyo huitika papo hapo, na wakati wa kuteremka hugeuka jenereta na kurudisha nishati kwenye betri. Jambo hilo ni zuri, ila halibadili hesabu yetu, kwa sababu mota inayozuia gurudumu nayo hutegemea msuguano ule ule wa tairi na ardhi. Tena si haibridi zote zilizo hivyo. Honda CR-V ya haibridi yenye kuvuta kwa magurudumu manne imebaki na propela. Maandishi yaliyobandikwa mlangoni hayasemi lolote kuhusu hayo. Asemaye kweli ni mtu aliyeinama akatazama chini.

Lipo pia suala la difu, ambayo huruhusu gurudumu la nje kuzunguka zaidi kwenye kona, lakini hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa. Gurudumu moja likiwa ndani ya tope, mwenzake aliye kwenye jiwe hupata kidogo kile kile. Magari ya sasa hulifunga breki gurudumu linalozunguka bure, ili mwenzake apate nguvu.

Hapa nina neno na walimu wenzangu. Fundi wa gereji husema difu, propela na klachi bila kusita, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hukariri kanuni ya msuguano bila kusita. Wawili hao hawakutani. Mpelekeni mwanafunzi chini ya gari la shule, likiwa limezimwa na magurudumu yamekingwa kwa mawe, atafute propela. Kisha apime mteremko wa njia ya kuingilia shuleni kwa ubao mnyoofu, maji ya kupimia na rula, akokotoe gari litasimama baada ya mita ngapi siku ya mvua. Mwisho apime kina cha mifereji ya matairi, kwani ile 0.2 niliyoitumia ni ya tairi zima; kipara hakifiki hata hapo.