Mtihani upime elimu, si kasi ya mkono

Mzazi wa Maungu siku hizi hana haja ya kumpeleka mwanawe mbali kutafuta digrii. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, kiko jirani upande wa Voi. Lakini kuingia chuoni ni jambo moja, kupita mtihani ni jingine.

Chukua mfano wa kijana mwenye disleksia. Akili yake ni timamu, ila kusoma na kuandika humchukua muda mrefu kuliko wenzake. Mwulize kwa mdomo jinsi madini yanavyochimbwa, atakueleza hatua kwa hatua. Mpe karatasi na saa mbili, muda utakwisha akiwa katikati. Matokeo yakitoka, nyumbani ataitwa mzembe. Mwenye usonji naye huenda akavurugwa na makelele ya ukumbi uliojaa watu.

Je, msomaji, hapo kimepimwa nini? Si elimu.

Dawa yake si ghali: muda wa ziada, chumba kitulivu, ruhusa ya kutumia kompyuta, au mtihani wa mdomo pale somo linaporuhusu. Wapo watakaosema huo ni upendeleo. La hasha! Maswali ni yale yale, na alama ya kupita ni ile ile. Miwani haimpi mtu jibu. Humwezesha kuliona swali.

Sheria nayo iko upande wako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kifungu cha 260 kinahesabu pia ulemavu wa akili na wa kisaikolojia, si wa viungo pekee.

Hata hivyo, jihadhari. Muda wa ziada uliotolewa na KNEC katika KCSE haumfuati mtoto chuoni, kwani vyuo vikuu hujitungia mitihani yao. Basi muhula unapoanza, si wiki ya mtihani, mwanafunzi apeleke ombi la maandishi kwa mlezi wa wanafunzi na mkuu wa idara, pamoja na ripoti ya mtaalamu. Kama hajawahi kupimwa, taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, hufanya kazi hiyo. Nakala ya kila barua aiweke.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mzazi, kabla ya kumkemea mwanao kwa alama zake, mwulize kwanza: ulishindwa na swali, au ulishindwa na saa?