Bunduki, kafyu na jicho la mvuvi wa Mbwajumali

Katika kampeni ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, Kenya haikuwa mtazamaji. Azimio la Nairobi lilitiwa saini mwaka 2000. Mwaka 2004 ikafuata Itifaki ya Nairobi, inayozitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama kwenye bunduki, kuzisajili na kuwapa raia njia ya kusalimisha zile haramu. Mwaka 2006, mtandao wa IANSA, Oxfam na Amnesty International walipompelekea Kofi Annan picha za watu milioni moja wanaounga mkono kampeni hiyo, aliyezikabidhi alikuwa Julius Arile, mwanariadha wa Pokot Magharibi aliyewahi kushika bunduki katika wizi wa mifugo. Kenya pia ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa lililozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha wa 2013. Ajabu ni kwamba mkataba wenyewe haijautia saini.

Huku Mbwajumali, kisiwani Pate, udhibiti ulikuja kwa sura nyingine. Watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji jirani Juni 2014, Lamu iliwekewa kafyu na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Aliyetegemea bahari ya usiku alikaa nchi kavu, na miezi ikawa miaka.

Maafisa wa usalama wana hoja: mpaka wa Somalia uko karibu, na gizani ni vigumu kumtenga mvuvi na mhalifu. Lakini bahari isiyo na wavuvi ni bahari isiyo na mashahidi. Ni nani atakayekiona chombo kigeni kikipita bila taa, kama si yule anayeijua kila mashua ya kwao? Wala Wabajuni hawahitaji semina kuhusu ubaya wa bunduki. Wakati wa Shifta, miaka ya 1960, wengi walihama vijiji vyao vya bara kwa sababu yake.

Mwenye kuona husema akiwa na wa kumwamini. Aprili 2015, serikali iliyahusisha mashirika ya MUHURI na Haki Africa na ugaidi na kufunga akaunti zao. Juni, Mahakama Kuu ya Mombasa iliyaondolea tuhuma hizo. Ikiwa shirika lenye mawakili lilipitia hayo, mvuvi atathubutu vipi kuripoti bunduki?

Mitandao ya kudhibiti silaha isiishie kwenye hoteli za Nairobi. Idai kamati za wavuvi, BMU, zisikilizwe katika mipango ya usalama ya kaunti. Idai njia inayojulikana ya kusalimisha au kuripoti silaha bila mtoa habari kugeuzwa mshukiwa. Na pale usalama unapolazimu bahari kufungwa, idai muda wa kufungwa utangazwe na mvuvi afidiwe. Bila hayo, anayebanwa na udhibiti ni mwenye nyavu, na mwenye bunduki anapita.