Shindano la kusoma wakati wa likizo: Kivu inaweza kuchukua nini kwa Uingereza?

Wakati wa likizo kubwa, maktaba za umma nchini Uingereza zinaandikisha watoto wa miaka 4 hadi 11 katika shindano la kusoma la likizo. Masharti yake ni mepesi. Mtoto anajiandikisha bila kulipa, anaazima vitabu, anavisoma nyumbani, na kila anaporudi maktabani anapewa vibandiko. Kwa kawaida lengo ni vitabu sita katika wiki karibu sita za likizo. Anayefikisha anapewa cheti, na mahali pengi medali pia. Mwaka 2025 shindano liliitwa Story Garden, yaani bustani ya hadithi, na mada yake ilikuwa mazingira.

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanafunzi wana pia likizo kubwa, hadi mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Lakini kwa wengi, likizo ya mwaka 2025 ilifuata mwaka wa shule uliokatwakatwa na vita. Mwezi wa pili 2025, baada ya mapigano kufika Goma, shirika la UNICEF lilitangaza kwamba shule na vituo vya masomo zaidi ya 2 500 vilikuwa vimefungwa katika majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Watoto 795 000 walikuwa bila masomo.

Tofauti ya uwezo kati ya nchi hizi mbili inajulikana, na hakuna haja ya kuirudilia. Linalostahili kuangaliwa ni sehemu gani ya shindano hilo inayomsaidia mtoto kweli, kwa sababu sehemu hiyo si lazima iwe ile ya gharama kubwa.

Kwa nini likizo inaogopwa

Shindano la Uingereza lilianza mwaka 1999, na linaendeshwa na shirika The Reading Agency pamoja na maktaba za umma. Nyuma yake kuna wasiwasi wa zamani wa walimu: mtoto anayekaa wiki nyingi bila kusoma anarudi darasani akiwa amesahau.

Nchini Marekani wasiwasi huo ulichunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1996, mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya uchunguzi 39 uliofanywa kabla yao. Waliona kwamba, kwa wastani, likizo ndefu inamrudisha mwanafunzi nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Katika kusoma, hasara hiyo haikuwapata wote sawasawa. Watoto wa familia zenye uwezo wa kadiri walibaki pale pale au walisonga mbele kidogo, wakati watoto wa familia maskini walirudi nyuma. Wataalamu wengine, kama Paul von Hippel mwaka 2019, wametilia shaka ukubwa wa hasara hiyo na namna ilivyopimwa. Lakini tofauti kati ya nyumba yenye vitabu na nyumba isiyo navyo inaeleweka hata kwa mzazi ambaye hajasoma uchunguzi wowote.

Kwa Kongo tatizo linaanza kabla ya likizo. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 10 nchini hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi na rahisi. Tangu mwezi wa tisa 2019, shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na watoto wengi waliingia. Kuingia darasani na kujua kusoma, hata hivyo, ni mambo mawili. Katika darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache, mtoto anaweza kufika mwaka wa nne akiwa anakariri yale yaliyoandikwa ubaoni tu.

Medali au kitabu?

Mtu akitazama shindano la Uingereza kwa haraka, atasema nguvu yake iko katika zawadi. Uchunguzi mmoja wa Marekani unaonyesha njia nyingine. Richard Allington, Anne McGill-Franzen na wenzao walifuata wanafunzi wa shule 17 za watu maskini katika jimbo la Florida. Kwa likizo tatu mfululizo, watoto walipewa vitabu 12 kila mwaka, viwe mali yao. Hakukuwa na mwalimu wa likizo. Jambo moja tu lilizingatiwa: watoto wenyewe ndio waliochagua vitabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Watoto hao walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa vitabu, na faida ilikaribia ile inayopatikana kwa masomo ya likizo yenyewe.

Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, kitabu lazima kifike mkononi mwa mtoto. La pili, mtoto awe na nafasi ya kuchagua anachokipenda, hata kama mkubwa anakiona ni cha mchezo. Shindano la Uingereza linafuata kanuni hiyo ya pili: hadithi, vitabu vya michoro, vitabu vya mpira au vya wanyama, vyote vinahesabiwa. Vibandiko na medali vinamvuta mtoto arudi maktabani, lakini havisomi mahali pake.

Hapo ndipo udhaifu wa Waingereza wenyewe unaonekana. Shindano linategemea maktaba, na maktaba zinapungua. Mwaka 2024 shirika la habari BBC lilihesabu zaidi ya maktaba 180 za serikali za mitaa zilizofungwa au kuachiwa watu wa kujitolea tangu mwaka 2016. Mwaka 2025, uchunguzi wa National Literacy Trust ulionyesha kwamba ni karibu mtoto mmoja tu kwa kila watatu, kati ya miaka 8 na 18, aliyesema anafurahia kusoma wakati wake wa mapumziko. Kilikuwa kiwango cha chini kabisa katika miaka 20. Serikali ya London ilitangaza mwaka 2026 kuwa mwaka wa taifa wa kusoma. Nchi yenye cheti na medali inagundua kwamba bila mlango wa maktaba ulio wazi karibu na nyumba, tangazo peke yake halitoshi.

Kitabu kinatoka wapi?

Katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, mahali ambapo mtoto anaweza kuingia bila malipo na kutoka na kitabu ni haba. Maktaba zilizopo ni za vyuo vikuu, za parokia, za vituo vya utamaduni au za shule za watu binafsi. Vijijini hata hizo hazipo. Kuna pia shule zilizopoteza madawati na vitabu wakati wa mapigano.

Misaada iliyokuwa inaleta vitabu nayo inakauka. Mradi ACCELERE, uliogharamiwa na Marekani pamoja na Uingereza kuanzia mwaka 2015, ulitoa vitabu vya kusoma kwa lugha za Lingala, Ciluba na Kiswahili kwa shule za msingi. Tarehe 1 mwezi wa saba 2025, shirika la Marekani USAID lilifunga kazi zake. Uingereza nayo ilitangaza mwezi wa pili 2025 kwamba itapunguza msaada wake kwa nchi za nje, kutoka asilimia 0,5 ya pato la taifa hadi asilimia 0,3 ifikapo mwaka 2027. Anayesubiri lori la vitabu kutoka nje atasubiri sana.

Suala la lugha halipaswi kusahauliwa. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu elimu ya taifa inakubali lugha za taifa zitumike katika mafundisho, na Kiswahili ni moja ya hizo nne. Hata hivyo, vitabu vingi vinavyofika nyumbani ni vya Kifaransa. Mtoto wa Uvira au wa Butembo anavitamka bila kujua vinasema nini, kisha anachoka. Ni kweli kwamba Kiswahili cha vitabu, hasa vile vinavyochapwa Tanzania, si kile anachozungumza na mama yake. Lakini maneno mengi anayajua, na hadithi anaifuata.

Kinachowezekana

Kuhesabu vitabu sita kwa kila mtoto, kama Uingereza, kungewafungia mlango watoto wengi wa Kivu tangu siku ya kwanza. Hesabu inaweza kugeuzwa. Kitabu kimoja kinaweza kusomwa na watoto kumi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaandika jina lake kwenye daftari la kitongoji. Mtoto mkubwa akimsomea mdogo wake kwa sauti, wote wawili wahesabiwe.

Vitabu vichache vilivyopo viko wapi? Mara nyingi viko shuleni, ndani ya kabati lililofungwa tangu siku ya kutoa matokeo hadi siku ya kurudi. Viongozi wa shule wanaogopa vipotee au virarukiwe, na hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa. Kamati ya wazazi inaweza kubeba sehemu ya jukumu hilo: siku mbili kwa wiki, mzazi mmoja na mwalimu mmoja wafungue kabati, waandike nani amechukua nini, na wakubali mapema kwamba vitabu kadhaa vitaharibika. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kwa wasio na kabati, kuna hadithi fupi za Kiswahili ambazo mradi African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, unazitoa bure kwenye intaneti tangu mwaka 2014, na ruhusa ya kuzichapa imetolewa. Hadithi moja ya kurasa chache inaweza kupakuliwa kwa simu na kuchapwa kwenye kituo cha fotokopi. Parokia, kanisa au msikiti wenye chumba kitupu mchana unaweza kuwa mahali pa kukutana pale ambapo usalama unaruhusu.

Hayo yote hayachukui nafasi ya serikali, ambayo ndiyo yenye wajibu wa kuweka vitabu shuleni na maktaba mijini. Na hakuna daftari la kusoma litakalomsaidia mtoto anayekimbia risasi. Lakini wiki za likizo zitapita, kabati likiwa wazi au likiwa limefungwa. Pale ambapo shule imesimama na vitabu vimo ndani, uamuzi wa kulifungua hauhitaji kusubiri Kinshasa, London wala Washington. Uko kwa mkurugenzi wa shule na wazazi wanaoishi jirani naye.